Bao: Ukoo Mmoja, Sura na Sheria Tofauti

Mashimo 32 katika safu nne, kete 64: hapo bao la Kiswahili na omweso ya Uganda ni ndugu. Bao la pwani utalitambua kwa shimo la mraba katika safu ya mbele ya kila mchezaji, yaani nyumba; mengine ni ya mviringo. Omweso haina nyumba. Kete zetu ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazozidi kung'aa kwa kushikwa.

Hata ndani ya bao lenyewe, tofauti kubwa iko kwenye uchezaji. Katika bao la kujifunza, kete zote hupangwa mbilimbili, mchezo ukaanza. Bao la Kiswahili ni gumu zaidi, na tamu zaidi: kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa nyumbani, na 22 za akiba. Kwanza hunamua, akitia kete mojamoja; akiba ikiisha, huingia hatua ya pili, mtaji. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa.

Vijiwe vya Kinondoni na Temeke bado vinacheza bao. Wazee wakikukaribisha, keti ujifunze.