Nani Alisema Hatuna Majira?

Ukikaa Nairobi kwa muda utasikia mtu akisema ati Kenya haina majira. Kuna mvua, kuna jua, halafu kuna Julai ambapo kila mtu anatafuta jaketi. Majira yenyewe, yale ya theluji na majani kubadilika rangi, ni ya wenzetu wa ng'ambo. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni Vasco da Gama.

Kwanza jiografia kidogo, nivumilie. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama, nyuzi 23.4 hivi, na mwaka mzima imeinamia upande ule ule. Kwa hivyo Juni nusu ya kaskazini ndiyo inayolielekea jua. Desemba ni zamu ya kusini. Huko London mchana wa Juni unapita masaa 16, na wa Desemba haufiki 8. Nairobi, karibu kabisa na Ikweta, tofauti haifiki hata dakika 15. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili inafanya kazi: jua likishachomoza tunaanza kuhesabu saa moja, iwe Machi iwe Agosti. Jaribu hiyo London uone.

Lakini mwinamo huo haukutusahau. Juni, jua linapochoma bara la Asia, nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya huko inapanda, na hewa ya baharini inavutwa kujaza nafasi. Upepo unatoka kusini, unavuka Ikweta, unaelekea Arabuni na India. Huo ni kusi. Desemba Asia imepoa, mambo yanageuka, na kaskazi inashuka hadi kwetu. Kati ya hizo mbili kuna maleleji, upepo usiojua unakoenda. Na si ajabu kwamba kaskazini na kusini ni majina yaliyotokana na pepo hizo? Hata tukionyeshana njia, tunataja majira.

Pwani iliishi kwa ratiba hiyo karne nyingi kabla ya Mreno yeyote. Majahazi kutoka Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na nguo, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba pembe za ndovu na boriti za mikoko. Katikati ni kusubiri tu. Uwe tajiri namna gani, upepo ukikataa umekataa. Wengine walioa wakati wakisubiri, na wajukuu wao wako hapa hapa.

Sasa, da Gama. Mombasa hawakuelewana naye, lakini Aprili 1498 sultani wa Malindi alimpokea na kumpa rubani aliyeijua bahari. (Wengi hupenda kusema ni Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Oman; wanahistoria wengi siku hizi wanakataa.) Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza. Tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut. Chini ya mwezi mmoja, bahari nzima.

Kurudi ndipo jamaa alipotuonyesha majira ni nini. Alikuwa amekosana na mtawala wa Calicut, akaondoka mwishoni mwa Agosti, kusi bado inavuma kuelekea huko huko India. Mabaharia wa bahari hii wangengoja mpaka kaskazi ishike. Yeye hakungoja. Mapema Oktoba aliacha visiwa vya pwani ya India akaingia bahari kuu, na ile njia ya chini ya mwezi mmoja ikamchukua karibu miezi mitatu. Leo upepo wa mbele, kesho hakuna upepo kabisa. Kiseyeye kikawaingia, fizi zikavimba mpaka wakashindwa kula. Watu wapatao 30 walikufa, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wanaoweza kusimama kazini.

Walifika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Kitu cha kwanza walichowatafutia wagonjwa wao ni machungwa. Siku chache baadaye, mbele kidogo kwenye pwani hii hii, waliichoma meli yao ya São Rafael kwa sababu hawakuwa na watu wa kutosha kuiendesha. Ilikuwa katikati ya kaskazi, upepo ukivuma vizuri kabisa kuelekea kwao.