Chini ya mwembe: safari za wawili kwenye njia ya Kabambare na Kasongo

Mwezi uliopita mmoja wetu alitupa kwenye groupe video ya wazungu wawili, bwana na bibi yake, wanazunguka Afrika na moto moja. Wamefunga hema nyuma, sufuria, bidon ya maji, jioni wanapika kando ya njia. Maoni yalikuwa mengi. Moja lilinikaa kichwani: «Sisi watu wa huku hatujuagi safari ya namna hiyo. Sisi tunasafiri kwa shida tu.»

Sikujibu siku ile. Mimi na bibi yangu tulikuwa ndiyo tumefika Kasongo kutoka Kabambare, siku mbili juu ya moto, matope mpaka kwenye masikio. Tulikwenda kusalimia mama mkwe na kutafuta mbegu ya mpunga. Leo najibu, na jibu langu litapita kwenye historia, mtanivumilia.

Hiyo safari ya video kwanza si mpya hata kwao. Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na moto ya Panther ya 600 cc. Ubavuni ilikuwa na kiti cha pembeni, nyuma ilivuta kigari chenye hema na mizigo. Walikata Sahara, injini ikawafia kabla ya Agadez, wakatengeneza, wakaendelea. Walipita Kongo ya Wabelgiji, wakashuka Afrika ya Mashariki, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Mimi nawavulia kofia. Wallach alikuwa fundi kweli, si wa kupiga picha tu. Shikeni huo mwaka wa 1935, tutaurudia.

Sasa turudi nyumbani. Njia tunayopiga na moto leo ni kipande cha njia ndefu sana. Ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda Kabambare, ikashuka Kasongo mpaka Nyangwe penye Lualaba. Leo kuifuata yote unahitaji pasipoti na mihuri ya nchi mbili. Wakati ule mpaka huo haukuwapo. Watu waliifanya kwa miguu. Asubuhi mwendo, kabla jua halijawa kali wanatua, wanajenga kambi. Na hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vilitudanganya kidogo: vilituonyesha mstari wa wanaume na pembe za ndovu begani, basi. Wapagazi wengi, Wanyamwezi hasa, walitembea na wake zao. Bwana anabeba mzigo wa tajiri, bibi anabeba chungu, mkeka, unga, mara nyingine mtoto. Kwenye kambi kila jozi iko na kibanda chake na moto wake wa kupikia. Stanley alipofika Nyangwe Oktoba 1876 wanawake walikuwamo katika msafara wake, na watoto walizaliwa njiani.

Huku kwetu Livingstone alifika Septemba 1869, akaandika «Bambarre». Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimfunga hapo tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871. Wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha, alibaki na watatu: Susi, Chuma na Gardner. Karatasi zikamwishia, wino pia. Akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotengenezwa na mbegu za mmea. Mimi kama mtu wa agronomia hiyo habari inanifurahisha kuliko chanzo cha Nili.

Lakini nilitaka kufika kwa Chuma. Mwaka 1872, huko Tabora, katika msafara mpya wa Livingstone kulikuwa na msichana anaitwa Ntaoeka. Mzee aliona haifai mwanamke atembee bila bwana kati ya wanaume, akamwambia achague mmoja kati ya watatu. Alimchagua Chuma. Basi hao wawili wakaanza maisha ya ndoa barabarani. Kulikuwa na jozi nyingine, Amoda na Halima mpishi. Halima aligombana, akatoroka, akarudi. Livingstone aliandika kwamba atampa uhuru, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Atampa uhuru. Msome tena hapo. Maana yake Halima hakuwa huru. Livingstone mwenyewe alifariki 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, Halima na Ntaoeka wakiwa kambini. Unguja hakufika, bustani ikabaki kwenye daftari.

Ndiyo sababu siwezi kumjibu yule ndugu kwa kujisifu tu, kwamba wazee wetu walikuwa watalii. Njia hii ilibeba mpagazi na bibi yake waliojichagua, na ilibeba pia mwanamke aliyekamatwa usiku kijijini kwake, akapewa mtu kama sehemu ya mshahara. Kwenye kambi ileile, mioto ya kupikia inafanana. Livingstone aliona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Wajukuu wa pande zote mbili tuko humu, wengine majina yetu yanasema. Tusichague babu mzuri tukamwacha bibi aliyefungwa kamba.

Waungwana hao hao walituletea mpunga. Kasongo iliyozungukwa na mashamba ya mpunga, Kiswahili tunachoandika hapa, miembe: vyote vilikuja na misafara. Nani alibeba mbegu? Tippu Tip hakubeba kibaba cha mpunga mgongoni. Mbegu inasafiri na mtu wa chungu, nami nasema alikuwa mwanamke.

Halafu njia ikafungwa. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Mji wa zamani wa Kasongo ukabaki Tongoni, na jina linajieleza: tongo ni pahali palipohamwa. Wabelgiji walichukua upagazi, wakauendeleza kwa fimbo. Mwaka 1917 ikaja sheria ya kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Kutoka kwenye chefferie yako kukaa mbali zaidi ya siku 30 ulihitaji karatasi, passeport de mutation.

Turudi sasa 1935. Mwaka Wallach na Blenkiron walipopita Kongo hii na hema lao, mtu wa Kabambare na bibi yake hawakuweza kwenda kuzunguka hivyo bila ruhusa. Shamba la pamba lilikuwa linawangoja, na mwenye fimbo pia. Kwa hiyo «hatujuagi» si neno lake. Tulijua, tukanyang'anywa, tukasahau kwamba tulijua.

Na kusahau huko kuna faida kwa watu fulani. Siku yetu ya kwanza njiani, kwenye kizuizi kimoja, kijana mwenye bunduki alinionea huruma mimi, akamgeukia bibi yangu: «Na huyu anakwenda wapi? Karatasi yake iko wapi?» Nilionyesha kadi zetu za mupiga kura. Akasema ile haitoshi, mwanamke anatembea na barua. Barua gani, hakusema. Tukatoa pesa, tukapita. Bibi yangu alikaa kimya kilomita nyingi, mimi nilifikiri ni hasira ya pesa.

Kumbe alikuwa anasikiliza shene. Ilikatika saa kumi na moja, mvua inakuja. Esansi ya Kadafi tulikuwa nayo, shene ya akiba hapana. Tulisukuma mpaka kwenye kijiji kidogo, mzee mmoja akatuonyesha miembe minne, imepangwa mstari, akasema tandikeni hapo, wageni wanalala hapo tangu wakati wa Waungwana. Tulifunga turubai kati ya miti miwili. Mama wa pale alituletea sombe na bugali, akakataa pesa.

Asubuhi, fundi akiunga shene, nilitaka kupima shina. Agronomi bila mita ni aibu, lakini mita sikuwa nayo. Nikakumbatia mwembe upande mmoja, bibi yangu upande wa pili. Mikono haikukutana. Yule mama aliyeleta sombe akacheka, akaweka ndoo yake chini, akaja kushika upande uliobaki.