Maumivu ya mikono na kiuno: Mwongozo kwa waendesha baiskeli wa maeneo ya Mlima Kenya

KWA mkulima wa Othaya anayewahi kufikisha maziwa kituoni kabla ya jua kuchomoza, au mchuuzi anayesafirisha kabeji hadi sokoni Karatina, baiskeli si chombo cha burudani. Ni kitega uchumi. Siku ambayo mgongo wake unakataa kuinama au vidole vyake vinashindwa kushika breki, pato la siku hiyo hupotea, na mara nyingine hata usalama wake huwa hatarini.

Maumivu ya viganja na ya sehemu ya chini ya mgongo ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa ya waendesha baiskeli kote ulimwenguni. Huwapata wanamichezo wanaoshiriki mashindano makubwa barani Ulaya, na huwapata vilevile wanaoendesha baiskeli nzito ya chuma iitwayo Black Mamba. Hata hivyo, mazingira ya Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya yana mambo yanayoyazidisha.

Mji wa Nyeri uko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, nao Nanyuki uko juu ya mita 1,900. Mito inayotiririka kutoka mlimani na kutoka safu za Aberdare imechonga mabonde mengi, hivi kwamba barabara za Nyeri, Kirinyaga, Embu na Tharaka-Nithi hushuka na kupanda kila baada ya mwendo mfupi. Ni baada ya kupita Naro Moru kuelekea Nanyuki ambapo ardhi hutandaa kiasi.

Umbo hilo la nchi ndilo linaloeleza mgawanyo wa maumivu. Mwinuko huuumiza mgongo, nao mteremko huiumiza mikono.

Jinsi mikono inavyoumia

Anapoteremka, mwendeshaji huinamia mbele na uzito wa kiwiliwili chake huhamia kwenye viganja. Wakati huohuo hulazimika kubana breki kwa muda mrefu. Mvua ikinyesha, breki za Black Mamba hupunguza nguvu kwa sababu rimu ya chuma huteleza, naye mwendeshaji hubana zaidi. Kwenye barabara za changarawe zenye matuta madogomadogo, mtikisiko wa gurudumu la mbele hupanda moja kwa moja hadi kwenye kifundo cha mkono.

Kwenye kifundo hicho hupita neva mbili muhimu. Ya kwanza ni neva ya alna, ambayo hupita upande wa kidole cha mwisho kupitia kijia chembamba kilichoelezwa na daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Félix Guyon, mnamo 1861. Kijia hicho kikigandamizwa na usukani, ganzi huingia katika kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Shinikizo likiendelea kwa muda mrefu, misuli midogo ya kiganja hudhoofika, na mtu huona ugumu wa kufunga kifungo cha shati au kushika kalamu.

Ya pili ni neva ya kati, ambayo hupita katikati ya kifundo. Hii hugandamizwa hasa kifundo kinapopindwa kwa muda mrefu. Ganzi yake huonekana katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, na aghalabu huzidi usiku.

Kwa hivyo, kabla ya kutafuta dawa, ni vyema mwendeshaji atambue ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Jibu hilo humwonyesha ni sehemu gani ya kiganja inayobeba uzito kupita kiasi.

Baridi ya asubuhi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti wakati ukungu hutanda, huongeza tatizo. Vidole vilivyopoa hupoteza wepesi, na mtu huushika usukani kwa nguvu kuliko inavyohitajika bila kufahamu.

Jinsi mgongo unavyoumia

Anapopanda mlima, mwendeshaji huvuta usukani na kukanyaga pedali kwa nguvu. Misuli ya kiuno ndiyo inayozuia nyonga zisiyumbe. Baiskeli isiyo na gia humlazimu mwendeshaji kutumia nguvu nyingi katika kila mkanyago, na misuli hiyo ikichoka, uzito huachiwa pingili na kano za uti wa mgongo.

Kiti kilichowekwa vibaya huzidisha hali hiyo. Kiti kikiwa juu mno, nyonga hupinduka kushoto na kulia kila mguu unapofika chini, na kiuno hujipinda maelfu ya mara katika safari moja. Kikiwa chini mno, magoti hukunjwa kupita kiasi na kuumia. Usukani ukiwa mbali au chini sana, mgongo hupinda kama upinde kwa safari nzima.

Jambo ambalo husahaulika ni upakiaji. Mtungi wa lita 20 za maziwa una uzito wa zaidi ya kilo 20, na gunia la viazi huwa zito zaidi. Aghalabu mgongo huumia wakati mzigo huo unapoinuliwa kwa kuinama na kujigeuza kwa pamoja, kisha maumivu huchachamaa barabarani na baiskeli ikalaumiwa bure.

Kurekebisha baiskeli

Marekebisho mengi huhitaji spana moja tu, na fundi yeyote wa baiskeli anaweza kuyafanya kwa muda mfupi.

Kwanza ni urefu wa kiti. Mwendeshaji aketi huku akishikiliwa, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Akianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, jambo ambalo ndilo linalotakiwa.

Pili ni mlalo wa kiti. Kiti kiwe sawasawa kama meza. Ncha yake ikiinamia chini, mwili huteleza mbele na mikono hubeba uzito wote. Ikiinuka juu, kiuno hulazimika kupinda.

Tatu ni usukani. Kwa mtu anayesafiri kila siku, ni afadhali usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, na viwiko vikunjike kidogo anaposhika. Bomba la usukani lisipandishwe kupita alama ya mwisho iliyochongwa juu yake, kwani linaweza kuchomoka au kuvunjika safarini.

Marekebisho yafanywe kidogokidogo, nusu sentimita kwa wakati mmoja, kisha baiskeli ijaribiwe kwa siku kadhaa. Ni vyema kuweka alama ya rangi mahali pa awali ili iwe rahisi kurudi nyuma mabadiliko yasipofaa.

Aidha, tairi lisijazwe upewo hadi likawa gumu kama jiwe ikiwa njia ni ya changarawe. Mishikio ya usukani iliyochakaa ibadilishwe, au izungushiwe mpira laini. Glavu zenye sifongo kwenye kiganja hupunguza shinikizo na kuzuia baridi.

Kubadili mazoea

Baiskeli iliyorekebishwa haitamfaa anayeiendesha vibaya. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, wala kisipindwe juu au chini. Mikono ihamishwe mahali pake kila baada ya dakika chache, na mkono mmoja uachiliwe na kukunjuliwa njia inapokuwa tambarare. Kwenye mteremko mrefu, ni heri kusimama katikati, kupumzisha vidole na kuziacha breki zipoe.

Kwenye mwinuko mkali, kushuka na kusukuma si aibu. Mwenye gia naye atumie gia nyepesi mapema, kabla miguu haijakwama. Mwendo wa haraka na mwepesi hauchoshi kiuno kama mkanyago mzito wa polepole.

Mzigo ugawanywe pande zote mbili za keria na ukae chini kadiri iwezekanavyo. Anayepakia akunje magoti, aukaribishe mzigo kifuani na aepuke kujigeuza akiwa ameubeba. Inapowezekana, mtu mwingine aishikilie baiskeli.

Mazoezi mepesi ya dakika 10 kwa siku husaidia pia. Mtu anaweza kulala chali akiwa amekunja magoti, kisha akainua nyonga na kuzishusha taratibu. Anaweza vilevile kujiinua kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu huku mwili umenyooka kama ubao. Misuli ya tumbo na makalio ikiimarika, kiuno hupumzika.

Wakati wa kumwona daktari

Maumivu mengi ya kiuno yasiyotokana na ajali hupungua yenyewe katika muda wa wiki chache. Kulala kitandani mchana kutwa hakupendekezwi, kwani misuli hudhoofika. Kutembea na kufanya kazi nyepesi huharakisha kupona. Dawa za kutuliza maumivu zisimezwe kwa mazoea, hasa na wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au shinikizo la damu.

Ganzi inayoondoka muda mfupi baada ya kushuka haitishi sana, lakini ni onyo. Inayodumu kwa siku kadhaa, au inayoandamana na udhaifu wa vidole, yahitaji uchunguzi. Neva hupona polepole, pengine kwa miezi, na iliyogandamizwa kwa muda mrefu huenda isirudie hali yake kamili.

Zipo dalili zinazohitaji hospitali bila kuchelewa. Nazo ni ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, miguu kulegea, homa au kukonda pamoja na maumivu ya mgongo, na maumivu makali baada ya kuanguka. Katika hospitali za rufaa za kaunti, kama zile za Nyeri, Embu na Meru, mgonjwa anaweza kuelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo baada ya daktari kumchunguza.

Wengi huyavumilia maumivu haya kwa kudhani kuwa ni sehemu ya kazi. Lakini kiti kilichoshushwa kwa nusu sentimita leo huenda kikaokoa msimu mzima wa mavuno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.