Barua ya Mabalozi wetu, Aprili 2020

Kwa sisi tuliopanga vyumba Dengfeng, ubalozi ulikuwa kitu cha mbali. Ulikuwa Beijing, karibu kilomita 2,000 kaskazini, na wengi wetu tuliukumbuka pasipoti ilipokaribia kuisha. Maisha yalikuwa Xiaobei: kutafuta mzigo, kujaza kontena, kubishana bei na wenye maduka wa jengo la Tianxiu.

Kuanzia tarehe 4 Aprili 2020, mamlaka za Guangzhou ziliwapima korona Waafrika wote wa jijini, hata ambao hawakuwa wametoka nje ya China kwa miezi mingi. Watu 4,553 walipimwa, 111 wakakutwa na virusi. Wenye nyumba wakawatoa wapangaji waliokwisha kulipa kodi, hoteli zikawakataa, na watu wazima wenye biashara zao wakalala barabarani na mabegi yao. Picha za video zikafika Lagos, Nairobi na Dar es Salaam kabla ya taarifa yoyote ya serikali.

Serikali zetu hazikuwa na mazoea ya kugombana na China hadharani, na sababu zinajulikana. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Wahandisi miongoni mwetu wanajua kazi iliyofanyika kwenye madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Kura za Afrika nazo zilisaidia kuirudishia Beijing kiti cha Umoja wa Mataifa mwaka 1971. Kisha ikaja mikopo mipya, kama ule wa reli ya Mombasa hadi Nairobi. Mdeni hapandishi sauti.

Hata hivyo kupandisha sauti si jambo geni kwetu. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, na uhusiano haukurudi mpaka 1968. Waingereza waliobaki Tanzania waliangaliwa na ubalozi wa Kanada.

Mwaka 2020 hakuna aliyefika huko. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua moja kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Wang Yi, wakitaka upimaji wa lazima na karantini kwa Waafrika peke yao vikome mara moja. Walitaja pia pasipoti zilizochukuliwa na vitisho vya kufuta viza. Nigeria, Ghana na Umoja wa Afrika wakawaita mabalozi wa China kujieleza. Tarehe 13 Aprili waziri msaidizi wa Wang Yi, Chen Xiaodong, alikutana na mabalozi zaidi ya 20, na tarehe 2 Mei Guangzhou ikatangaza hatua za kuzuia maduka, hoteli na wenye nyumba kubagua wageni.

Kwa maoni yetu, nguvu ya barua ile ilikuwa kwamba haikuwa ya nchi moja. Balozi mmoja angenong'onezwa habari za mkopo, akanyamaza. Lakini ilivuja magazetini, na bila zile video za simu huenda isingeandikwa kabisa. Beijing ilisema haibagui ndugu zake Waafrika. Kodi za vyumba hazikurudishwa kwa wengi tunaowajua, na ndege zilipopatikana, baadhi yao walikata tiketi ya kwenda tu.