Shule ya Makadeti wa Warsaw

Je, shule yaweza kuokoa taifa? Watu wa Polandi walikabiliwa na swali hili katika karne ya 18, na jibu walilolipata lafaa kufikiriwa na kila kijana aendaye shuleni.

Wakati huo Polandi, iliyoungana na Lithuania, ilikuwa miongoni mwa nchi kubwa za Ulaya, lakini nguvu zake hazikulingana na ukubwa wake. Mfalme alichaguliwa na makabaila. Katika Bunge lao mjumbe mmoja tu aliweza kusimama na kukataa, na kwa neno lake kikao kikavunjika pamoja na sheria zote zilizokwisha kukubaliwa. Mwaka 1717 jeshi liliwekewa kikomo cha askari 24,000, na hata idadi hiyo haikutimia, hali majirani zake, Urusi, Prusia na Austria, walikuwa na majeshi makubwa mno. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ya Polandi ilikuwa na nyufa pande zote.

Mmoja wa watu wa kwanza kuziona nyufa hizo alikuwa padri na mwalimu, Stanisław Konarski. Mwaka 1740 alifungua mjini Warsaw chuo cha wana wa makabaila, ambamo historia, sheria na sayansi zilipewa nafasi iliyokuwa imeshikwa na Kilatini cha kukariri. Kisha Stanisław August Poniatowski, aliyechaguliwa kuwa mfalme mwaka 1764, alianzisha Shule ya Makadeti mwaka 1765. Mkuu wake alikuwa Adam Kazimierz Czartoryski, binamu wa mfalme. Wanafunzi walifundishwa hesabu, historia, sheria, lugha, kuchora, kujenga ngome, kupanda farasi na kutumia kitara. Czartoryski aliwaandikia pia kitabu cha maadili, akiwafunza kwamba kadeti yampasa kuipenda nchi yake kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka 1772 majirani watatu waliinyang'anya Polandi karibu theluthi moja ya ardhi yake. Pigo hilo liliwaamsha wengi. Mwaka uliofuata Papa alivunja shirika la Wajesuiti, waliokuwa na shule nyingi nchini. Bunge likazitwaa mali zao na kuzikabidhi kwa Tume ya Elimu ya Taifa, ambayo wengi huihesabu kuwa wizara ya kwanza ya elimu katika Ulaya. Tume ilikifanya Kipolandi kuwa lugha ya kufundishia, ikaagiza vitabu vipya viandikwe, na ikaanza kutayarisha walimu kwa kazi yao. Hatimaye, tarehe 3 Mei 1791, Bunge lilipitisha katiba iliyoondoa ile haki ya mtu mmoja kuvunja kikao.

Lakini wakati ulikuwa umekwisha. Urusi ilituma majeshi, na mwaka 1793 nchi ilikatwa tena. Mwaka 1794 Tadeusz Kościuszko, aliyekuwa miongoni mwa makadeti wa mwanzo na aliyewahi kujenga ngome katika vita vya uhuru vya Marekani, aliwaongoza wananchi wenzake kupigana. Hapo upungufu wa shule ile ulidhihirika. Makadeti wote walikuwa wana wa makabaila, na wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi, walikuwa wamefungwa kwenye mashamba ya mabwana kwa kazi ya shokoa. Hata hivyo, katika vita vya Racławice, wakulima wenye miundu mirefu iliyofungwa wima kwenye mipini waliikimbilia mizinga ya Warusi wakaiteka. Mwezi uliofuata Kościuszko alitoa amri ya kupunguza shokoa na kumpa mkulima uhuru wa nafsi yake, lakini makabaila wengi hawakuitii. Mwezi Oktoba alijeruhiwa na kutekwa. Shule ikafungwa mwaka ule ule, na mwaka 1795 jina la Polandi likafutwa katika ramani kwa muda wa miaka 123.

Basi shule haikuiokoa dola. Ilianza kwa kuchelewa, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Lakini Julian Ursyn Niemcewicz, kadeti aliyetekwa pamoja na Kościuszko, aliachiliwa baadaye akaandika nyimbo za historia, na watoto wa nchi isiyokuwapo wakajifunza kwazo wao ni nani. Polandi iliporudi mwaka 1918, iliwakuta watu wake wakiikumbuka na wakisema lugha yake. Shule ilikuwa imelinda kitu ambacho jeshi halikuweza kukilinda. Anayetaka shule ilinde zaidi ya hayo, na aifungue mapema, na asimwache mtoto yeyote nje ya mlango.