Mtetemo Usiosikika na Neno la Kuueleza

Jua likichwa, popo hutoka katika mapango ya Pugu, wilayani Kisarawe, yaliyochimbwa kwa ajili ya kaolini. Walao wadudu miongoni mwao hupiga kelele tusizozisikia, kwani sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Donald Griffin na George Pierce walizinasa kelele za namna hiyo kwa chombo mwaka 1938, huko Marekani.

Lakini kunasa si kupima. Kitu kitetemekacho kwa kasi hiyo huweza kusogea chini ya nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na kukigusa ni kukiharibia mwendo. Ndipo mwanga ulipofaa. Mwaka 1881 Albert Michelson aliugawa mwali mmoja kuwa miwili, kisha akaikutanisha tena: mawimbi yalipojazana pakang'aa, yalipopingana pakawa giza. Leza, aliyoiwasha Theodore Maiman kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ilileta mwanga uliopangika zaidi. Siku hizi mwali mmoja huelekezwa kwenye kioo kilichotulia, wa pili kwenye kitu kipimwacho. Kwa leza nyekundu ya heli na neoni, yenye wimbi la nanomita 633, kitu kikisogea nanomita 316 hivi, mng'ao hupita gizani na kurudi mara moja. Na vyombo husoma hata sehemu ndogo ya badiliko hilo.

Kukutana huko kwa mawimbi twaweza kukuita mwingiliano. Yuko atakayepinga kwamba kuingilia ni kuchokoza. Hoja hiyo yasahau kiambishi cha kutendana: mawimbi huingiliana, wala hapana mvamizi. Hapa neno letu laeleza jambo kwa usahihi kuliko lile la Kiingereza.

Basi upungufu hauko katika maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie sekondari, haikutekelezwa. Hata leo katika Sekondari ya Kibaha, iliyozaliwa na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki wa mwaka 1963, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kisarawe aliyejua popo na mtetemo tangu nyumbani huyaacha maneno yake mlangoni mwa darasa. Istilahi isiyotamkwa na mwalimu yafanana na kelele ya popo: ipo, lakini haisikiki.