Chicago: Chuo kilichokataa pesa za getini

Julai 1, 2025, vyuo vikuu vya Marekani viliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Ruhusa hiyo ilitokana na suluhu ya kesi ya muda mrefu iliyoidhinishwa mahakamani mwezi mmoja kabla. Fungu kubwa linakwenda kwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Na katika mji wa Evanston, kaskazini mwa Chicago, Chuo Kikuu cha Northwestern kilibomoa uwanja wake wa mwaka 1926 na kuanza kujenga mwingine kwa zaidi ya dola milioni 800.

Kusini mwa jiji la Chicago lenyewe, katika mtaa wa Hyde Park, uliwahi kuwapo uwanja mwingine ulioingiza watu 50,000. Nao ulibomolewa, lakini mahali pake hapakujengwa uwanja mpya. Pamejengwa maktaba.

Habari za uwanja huo nimezifuata katika kitabu cha mwanahistoria Robin Lester kiitwacho Stagg's University, cha mwaka 1995, na katika makala aliyoiandika Robert Maynard Hutchins, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye jarida la Saturday Evening Post Desemba 1938. Wawili hao wanaandika kwa miongo tofauti na hasira tofauti, lakini wote wanamwongoza msomaji mahali pamoja: getini, pale kiingilio kinapokusanywa.

Chuo cha Chicago kilifungua milango yake mwaka 1892 kwa utajiri wa John D. Rockefeller. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa na haraka ya jina. Maktaba huhitaji nusu karne kupata sifa, timu huhitaji msimu mmoja. Akamwita Amos Alonzo Stagg, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake katika chuo cha Yale, akampa ukocha pamoja na cheo cha profesa chenye ajira ya kudumu. Hakuna kocha aliyekuwa amepewa heshima hiyo kabla yake.

Sifa zikaja. Chicago ikawa miongoni mwa waasisi wa ligi ambayo leo inaitwa Big Ten, na hadi mwaka 1924 ilikuwa imetwaa ubingwa mara saba. Siku ya Sikukuu ya Shukrani mwaka 1905, mbele ya watu wapatao 27,000, iliifunga Michigan pointi 2 kwa 0, Michigan iliyokuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Shujaa wa siku zile alikuwa Walter Eckersall, kijana wa Chicago mwenye mguu wa ajabu. Lester anamtazama Eckersall kwa huzuni, nami pia: alijaza majukwaa, akalijaza sanduku la chuo, kisha akaondoka bila shahada. Chuo kilichojengwa ili kufundisha kilimtumia kijana kwa kila kitu isipokuwa kumfundisha.

Hutchins aliingia madarakani mwaka 1929 akiwa na miaka 30. Stagg alikuwa na miaka 67, na uwanja tayari ulikuwa ukiitwa kwa jina lake. Mmoja aliamini kwamba chuo kipo kwa ajili ya vitabu na hoja. Mwingine aliamini kwamba uwanjani ndipo tabia ya kijana inapofinyangwa; alikuwa mcha Mungu aliyesomea theolojia, na ukocha kwake ulikuwa uchungaji. Ni vigumu kumchukia yeyote kati yao.

Mwaka 1932 Stagg alitimiza miaka 70, umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za chuo. Wapenzi wake walitaraji kanuni ilegezwe kwa mtu aliyekitumikia chuo kwa misimu 41. Haikulegezwa. Alipewa kazi nyingine isiyo ya ukocha, akaikataa. Mzee yule, ambaye vijana walimwita Mzee tangu zamani, alifunga mizigo akaenda California, kwenye chuo kidogo cha College of the Pacific mjini Stockton, kuanza upya.

Miaka sita baadaye alirudi. Novemba 1938 Stagg, sasa akiwa na miaka 76, aliingia Stagg Field akiwa kocha wa wageni. Alikaa upande usio wake, katika uwanja wenye jina lake, akitazama timu aliyoizaa. Vijana wake wa Pacific waliifunga Chicago pointi 32 kwa 0. Katika historia yote ya chuo hiki sioni tukio chungu kama hilo. Aliyeonekana kachoka alishinda kwa kishindo. Chuo kilichomwona kachoka ndicho kilichokuwa hoi.

Wiki chache baada ya kipigo hicho ndipo makala ya Hutchins ilipotoka. Wengi walidhani ameandika dhidi ya mpira. Ukiisoma kwa utulivu utaona ameandika dhidi ya pesa. Hoja yake ni kwamba chuo kikishaanza kutegemea mapato ya getini, kitajenga uwanja mkubwa zaidi. Uwanja mkubwa utadai timu inayoshinda. Timu inayoshinda itadai wachezaji wa kununuliwa, na wachezaji wa kununuliwa watadai mitihani ya kulegezwa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuimeza: kiingilio kishushwe hadi senti 10. Akashauri pia makocha wapewe ajira ya kudumu, ili wapimwe kwa ualimu na uadilifu wao na si kwa umati wanaouvuta. Yaani alitaka kila kocha apewe kile ambacho Harper alimpa Stagg mwaka 1892. Mahasimu hao walikuwa karibu zaidi kimawazo kuliko walivyojua.

Hata hivyo Hutchins hakuweza kuamua peke yake. Mwenyekiti wa bodi ya wadhamini, Harold Swift, alikuwa mhitimu wa chuo na mpenzi mkubwa wa timu. Na ukweli usemwe: mwaka 1935 kijana wa Chicago, Jay Berwanger, alikuwa mchezaji wa kwanza kupewa tuzo ambayo leo inaitwa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote katika mchezo huo vyuoni. Nani angethubutu kuifuta timu mwaka kama huo?

Ulikuwa msimu wa 1939 uliomaliza ubishi. Harvard iliifunga Chicago 61 kwa 0. Michigan ikaifunga 85 kwa 0. Virginia 47 kwa 0, Ohio State 61 kwa 0, Illinois 46 kwa 0. Kabla ya Krismasi wadhamini walitangaza kwamba Chicago haitacheza tena futiboli ya vyuo, na Januari 1940 Hutchins akasimama mbele ya wanafunzi kueleza sababu. Mwaka 1946 chuo kikajitoa Big Ten kabisa.

Yaliyofuata yanajulikana. Desemba 2, 1942, katika kiwanja cha ndani chini ya jukwaa la magharibi la Stagg Field, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliwasha mtambo wa kwanza wa nyuklia uliojiendesha wenyewe. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957, na maktaba ya Regenstein ikafunguliwa mahali pale mwaka 1970.

Wapo wanaosema mfano wa Chicago hauthibitishi kitu, kwa sababu Northwestern ina vyote viwili, timu kubwa na elimu bora. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Northwestern ni chuo bora, na maktaba yake ya Herskovits ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za maandiko ya Afrika duniani. Lakini waasisi wa ligi yake, hiyohiyo Big Ten, walikuwa majirani wa eneo moja, na leo ligi hiyo ina wanachama 18 waliotapakaa kutoka Pasifiki hadi Atlantiki, wakisafirishwa huku na huko kwa ratiba inayotii televisheni. Geti limehamia kwenye runinga, na mnyororo alioueleza Hutchins haujapoteza pingili hata moja. Kiungo kilichobaki, mshahara wa mchezaji, sasa kimewekwa hadharani. Mimi nafurahi kwamba vijana wanalipwa. Eckersall hakupata hata hiyo shahada. Ninachosikitikia ni marais wa vyuo wanaotia saini malipo hayo huku wakiendelea kusema kwamba mchezo huu ni sehemu ya elimu.

Maana Chicago ilikwisha kuonyesha ni lini unakuwa sehemu ya elimu. Mpira ulirejea pale taratibu. Mwaka 1963 kundi la wanafunzi lilikwenda kuketi katikati ya uwanja kupinga, wakiogopa kwamba zama za Stagg zinarudi. Mwaka 1969 timu rasmi iliundwa tena, na leo inacheza katika daraja la tatu, ambako hakuna anayepewa udhamini wa masomo kwa ajili ya kucheza. Hofu ya wale walioketi haikutimia. Timu imekaa kwa zaidi ya nusu karne, katika uwanja mwingine mdogo ambao nao unaitwa Stagg Field, na sifa ya chuo haikuharibika.

Mpira uliruhusiwa kurudi. Ambazo hazikuruhusiwa ni pesa za getini.